Kumwandikia Asiyekuwepo

Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi ya kompyuta

Mkuu wa idara, walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, habari za mchana. Najua tumetoka kula sasa hivi, na naona baadhi ya feni za ukumbi huu zimegoma, kwa hiyo atakayesinzia nimemsamehe mapema, ila asikorome.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie teknolojia na ajira. Mada hiyo nadhani mmeshahubiriwa hadi mmechoka: jiajirini, kuweni wabunifu, fursa ni nyingi. Mimi sikuja na fursa mfukoni. Ni mwajiriwa tu, nafanya kazi Dar es Salaam kwenye ofisi inayotengeneza na kutunza mifumo ya watu wengine, na sehemu kubwa ya siku yangu inaishia kwenye kusoma kazi ya mtu aliyekwisha kuacha kazi. Kwa hiyo nitazungumzia jambo moja tu ambalo usomaji huo umenifanya nilione, na lenyewe linaanzia shuleni.

Tangu darasa la kwanza hadi hapa mlipofika, karibu kila mlichoandika mmemwandikia mtu ambaye jibu analo. Mwalimu akikuuliza mvua hutokeaje, yeye hana shida ya kujua. Anataka aone kama wewe unajua. Ukimjibu nusu, nusu nyingine anaijaza mwenyewe kichwani. Ukikosea tahajia, anaelewa ulikusudia nini. Ukipotelea njiani kwenye hesabu, anakupa alama za njia. Ni msomaji mwenye huruma kuliko wote mtakaokutana nao, na ndiye mliyemzoea. Kazini msomaji ni mwingine kabisa. Jibu hana. Hakuwepo wakati unafikiri. Namba yako ya simu hana, na huenda anakusoma saa nane usiku huku bosi wake anapiga kila baada ya dakika mbili. Wakati mwingine msomaji huyo ni mashine, na mashine alama za njia haitoi.

Sekondari niliyosoma ilikuwa na kompyuta moja. Ilikaa ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na sijui mwanafunzi aliyewahi kuigusa. Tulijifunza kompyuta kwa chaki. Mwalimu alichora kibodi ubaoni, sisi tukaichora kwenye daftari, na kwenye mtihani tukaulizwa tutaje sehemu nne za kompyuta na kazi zake. Nilipata zote. Mnacheka, lakini kuna sababu. Wizara ya Fedha ya nchi hii ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965, kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, na marufuku hayo yalikuja kulegea polepole hadi miaka ya 1990. Mwalimu wetu alikua ndani ya kipindi hicho. Alitufundisha alichonacho, na alichonacho kilikuwa mchoro. Simlaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mtihani ule ulikuwa mfano halisi wa andiko la shule: mimi sijaiona mashine, yeye hajaitumia, na bado alama zilitoka kwa sababu wote wawili tulijua jibu linalotakiwa.

Somo lililonifundisha kazi yangu ya leo lilikuwa la Kiswahili, shule ya msingi, kule Muheza. Walimu mlioko mbele hapa mnalikumbuka: kuandika simu ya maandishi. Vijana, kabla ya simu za mkononi, habari ya haraka ilipelekwa kwa telegramu. Unakwenda posta, unajaza fomu, unalipa kwa kuhesabu maneno. Neno moja, bei yake. Mwalimu alituchorea fomu ubaoni, akatupa zoezi: baba yako yuko safarini Mwanza, nyumbani mama anaumwa na amelazwa hospitali ya Bombo. Mpelekee baba simu.

Mtoto wa kwanza aliyeitwa ubaoni aliandika kama tulivyozoea kuandika barua: mpendwa baba, shikamoo, hali yangu ni njema, hofu na mashaka ni juu yako wewe. Mwalimu akaanza kufuta neno moja moja huku akitaja bei kwa sauti, na kila alipofuta tukapumua kama vile hela ni zetu. Ikabaki MAMA MGONJWA KALAZWA NJOO. Tukapiga makofi. Mwalimu akasema, haya, baba ameshuka stendi ya Tanga usiku, aelekee wapi? Kimya. Akaongeza BOMBO. Halafu akajikosoa, akasema tunaweza kuokoa neno, "mgonjwa" liondoke, maana asiyeumwa halazwi. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: si huenda mama amejifungua? Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisimama na chaki yake, akalitazama lile tangazo kwa macho ya baba aliyeko Mwanza, akalirudisha neno. MAMA MGONJWA KALAZWA BOMBO NJOO.

Nimehudhuria warsha nyingi za usanifu wa mifumo, zenye chai na vitafunwa na vyeti. Sijaona iliyofundisha zaidi ya pale. Jambo lote liko mle: kila neno lina gharama, msomaji hayupo, na anachokihitaji hakipimwi kwa unachokijua wewe. Anayepima ni yule msichana wa nyuma anayeuliza swali la kijinga ambalo si la kijinga.

Sasa ruka kutoka posta uje kwenye simu yako. Ujumbe mfupi una herufi 160. Kwa nini 160? Mwaka 1985, Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliokuwa wakiandaa viwango vya simu za mkononi za Ulaya, alikaa Bonn na taipureta, akaandika sentensi za kawaida, akahesabu herufi zake. Akaona nyingi hazivuki 160. Ndivyo ilivyokuwa. Kiufundi, kila ujumbe umepewa baiti 140. Baiti moja ni biti nane, na biti ni sifuri au moja tu. Herufi zimebanwa kwenye biti 7 badala ya 8. Piga hesabu, utapata 160. Ila herufi zinazotosha kwenye biti 7 ni chache, zina orodha yake. Orodha hiyo ina herufi kubwa kadhaa za Kigiriki na ina vokali za Kifaransa na Kiitaliano zenye alama juu. Ukiingiza hata herufi moja isiyo kwenye orodha, ujumbe wote unahamia kwenye mfumo wa biti 16 kwa herufi, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70.

Tulikuwa na mteja, chama cha wafugaji. Walikuwa wakituma matangazo ya chanjo, ya bei ya maziwa, ya siku ya mkutano. Siku moja mhasibu wao akaja juu: bili ya ujumbe imepanda, baadhi ya matangazo yanatozwa mara tatu, tunaibiwa. Kampuni ya simu ikasema haijabadili bei. Sisi tukakagua mfumo, hatukuona kitu. Aliyekuja kugundua ni kijana wa mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi kama ninyi, ambaye alichapisha matangazo yote kwenye karatasi na kuyapanga mezani kama karata: yaliyotozwa mara moja huku, yaliyotozwa mara tatu kule. Akayasoma. Upande wa bei nafuu kulikuwa na mbuzi, kuku, malisho, mkutano. Upande wa bei ghali, kila tangazo lilikuwa na ng'ombe.

Ilikuwa ile alama ndogo, ya ng'o. Ukiibonyeza kwenye simu nyingi inatoka imesimama wima, na hiyo iko kwenye orodha. Katibu wa chama alikuwa anaandika matangazo yake kwenye Microsoft Word, anayanakili na kuyabandika kwenye mfumo wetu, na Word ina tabia ya kuipinda alama hiyo ili ipendeze. Iliyopinda haimo kwenye orodha. Kwa hiyo tangazo la herufi mia na hamsini la ng'ombe likawa jumbe tatu, la mbuzi likabaki moja. Tukaandika mistari miwili ya programu ya kuinyoosha alama kabla ujumbe haujatoka, bili ikarudi chini. Ofisini kwetu hadi leo mtu akileta hitilafu isiyoeleweka, wa kwanza kuuliza atauliza kama ina ng'ombe ndani.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba hakuna mwenye kosa. Waliopanga orodha ile walikuwa wakiwaza Paris na Athens, na nani angewaambia habari za ng'ombe? Katibu aliandika Kiswahili sanifu. Word ilifanya ilichotengenezwa kufanya. Kila mmoja aliandika vizuri kwa msomaji anayemjua. Hakuna aliyemjua yule wa mwisho.

Saa nayo ni hivyo hivyo, na hapa nitapita haraka kwa kuwa kila mmoja wenu ataumia nayo kwa wakati wake. Seva zetu, yaani kompyuta zinazoendesha mifumo, zinahesabu muda wa Greenwich kama seva nyingi duniani. Sisi tuko saa tatu mbele. Juu ya hapo, Mswahili anahesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, si kuanzia usiku wa manane. Mfumo ukizimwa kwa matengenezo saa nane usiku, seva itaandika 23:00 Jumamosi, simu ya mteja itaonyesha 02:00 Jumapili, na mteja mwenyewe atakwambia mlinizimia Jumamosi usiku saa nane. Wote watatu wamesema kweli. Usianze kuwabishia wateja. Wazee walishatatua shida hii zamani: semeni "usiku wa kuamkia Jumapili", hakuna atakayekosea. Na ukiandika tangazo lenye "saa 2:00" bila kutaja asubuhi au usiku, jua kuna watu watakuja dirishani kwako wakati umefunga.

Sasa tuje kwenye mfano nilioujia. Uko kwenye kuta za nyumba mnazopanga: LUKU, Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia.

Umewahi kuiwaza ile mita? Haina laini ya simu, haina intaneti, haizungumzi na mtu. Wewe unanunua umeme kwa simu au kwa wakala, unaletewa tarakimu 20, unazibonyeza, inalia, unit zinaingia. Imejuaje kwamba umelipa? Imejuaje kwamba tarakimu hizo ni zako na si za jirani? Na ukizibonyeza tena kesho kwa kujaribu bahati, imejuaje kwamba umeshazitumia?

Kiwango cha kutengeneza tarakimu hizo, yaani tokeni, kilianzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sasa kinatumika nchi nyingi duniani. Ndani ya tarakimu 20 zinakaa biti 66. Biti 16 zinabeba kiasi cha umeme. Nyingine 16 ni za kuhakiki, ili ukikosea tarakimu moja mita ishtuke. Chache ni za kutaja aina ya tokeni, nyingine chache hazina maana yoyote, zimewekwa za kubahatisha makusudi ili tokeni zisifanane. Na biti 24 ni za muda: zinaeleza ni dakika ngapi zimepita tangu tarehe 1 Januari 1993 hadi tokeni hiyo ilipotolewa. Halafu karibu zote zinafungwa kwa ufunguo wa siri ambao mita yako inao. Mita inakumbuka dakika za tokeni ilizokwisha kuzipokea. Ukirudisha ya jana, inakataa. Ukileta ya kale mno, inakataa.

Kalamu mkononi. Biti 24 zinatoa hesabu 16,777,216. Hizo ni dakika. Zigeuze miaka, zinakaribia 32. Anza na Januari 1993, hesabu kwenda mbele, unaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo hesabu inarudi sifuri. Tokeni mpya kabisa, iliyolipiwa dakika hiyo, ingeonekana kwa mita kama imetoka mwaka 1993, na mita ingefanya kazi yake vizuri kabisa: ingeikataa. Makumi ya mamilioni ya mita duniani zilikuwa na tarehe hiyo hiyo ya mwisho.

Hapa mwanafunzi mwepesi wa kulaumu atasema wahandisi wale walikuwa wazembe, wangeongeza biti. Mimi nawatetea. Kila biti unayoongeza inazisukuma tarakimu ziwe 21, 22, 25. Anayezibonyeza ni mtu aliyesimama gizani, maana umeme umekatika ndiyo sababu ananunua, simu ameibana kwa bega, na mtoto analia ndani. Wahandisi walimfikiria huyo kwanza. Waliamua mzigo wake uwe tarakimu 20, zilizogawanywa nne nne, na wakakata kila kitu kingine kitoshe humo, kama mwalimu wangu na chaki yake. Na wakajua kwamba dakika zitakwisha, kwa hiyo wakaacha mlango. Tarehe ya kuanzia kuhesabu inaweza kuhamishwa, kutoka 1993 kwenda 2014, na baadaye 2035. Na kuihamisha hakuhitaji fundi apande bodaboda kwenda kila nyumba. Kunahitaji tokeni maalumu mbili, tarakimu 20 kila moja, ambazo mwenye nyumba anazibonyeza mwenyewe kwa kibodi ile ile ya siku zote.

Ndiyo maana mwaka 2024 tuliponunua umeme tukaanza kuletewa makundi matatu ya tarakimu badala ya moja. Mawili ya kwanza yanabadilisha mita, la tatu ndilo umeme wenyewe. Wenzetu Kenya walipita njia hiyo hiyo mwaka huo. Mtu aliyekaa na wenzake mezani miaka thelathini nyuma alikuwa amekuandikia wewe, hakujui, na andiko lake likafanya kazi.

Lakini ngoja niwaeleze nililoliona kwa macho yangu. Naishi karibu na nyumba ya wapangaji, ndefu, kila chumba na mita yake, zimepangwa barazani ukutani kama wanafunzi mstarini. Mama mmoja anayekaa pale anauza maandazi, umeme wake unaisha mapema kwa sababu ya friji. Yeye ndiye wa kwanza kuletewa makundi matatu. Akabonyeza la mwisho kwanza. Matangazo yalikuwa yameshaeleza mpangilio, lakini miaka yote aliyonunua umeme mita ilimfundisha kwamba kundi ni moja, na katika yale matatu yeye alichukua la chini kabisa kwa kuwa ndilo lililokuwa mbele ya macho yake ujumbe ulipofunguka. Mita ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Akaja kugonga kwangu, maana mtaani mtu wa kompyuta ndiye fundi wa kila chenye waya. Tukayaingiza kwa mpangilio, la juu, la kati, la chini, unit zikaingia, akaniachia maandazi mawili.

Asubuhi napita pale, nakuta ukutani juu ya mita zote, kwa mkaa, kwa herufi kubwa: ANZA YA JUU. USIRUKE. IKISEMA IMEKUBALI NDO UENDELEE.

Mita yake ilikuwa imeshapona, hakuwa na haja tena na maandishi hayo. Aliwaandikia wapangaji wenzake ambao zamu yao ilikuwa haijafika, wengine wanarudi usiku yeye amelala. Nimesoma miongozo ya mifumo ya kurasa mia mbili, yenye yaliyomo na faharasa na saini ya mkurugenzi, isiyofikia mistari ile mitatu. Tazameni mstari wa tatu. Hakuishia kusema fanya hivi kisha hivi; alieleza utajuaje kwamba hatua imekubali kabla hujaenda nyingine. Hicho ndicho kitu ambacho mhandisi mwenye shahada anasahau mara zote.

Kingine kinachosahauliwa ni kumbukumbu za mfumo, yale maandishi ambayo programu inajiandikia ikiwa inafanya kazi, ili kikiharibika kitu tujue kilianzia wapi. Nyote mmepitia orodha ya wapiga kelele. Mwalimu katoka, kiranja anabaki mbele na karatasi. Anaandika: Juma. Asha. Juma zaidi. Juma zaidi zaidi. Mwalimu anarudi, karatasi hiyo, fimbo hiyo. Hakuna aliyeandika saa ngapi, Juma alisema nini, alikuwa anaongea na nani, au kama alikuwa anaomba kalamu. Basi kumbukumbu za mifumo mingi ninayoletewa kutengeneza ni orodha ya kiranja yule. Nafungua faili, nakuta "imeshindikana". Chini yake, "imeshindikana". Chini yake tena, "imeshindikana kabisa". Imeshindikana nini, kwa muamala upi, wa wakala gani, baada ya kungoja sekunde ngapi? Aliyeandika alikuwa anajua, kwa sababu alikuwa ameikodolea macho programu yake wakati akiandika. Alijiandikia mwenyewe wa siku ile.

Dada mmoja wa hapa aliniuliza mlangoni, kabla hatujaanza, kama akili mnemba haitaimaliza kazi hii kabla hawajamaliza chuo. Mimi naitumia kila siku, na inaniandikia kwa dakika kitu ambacho zamani kingenila asubuhi nzima. Na ndiyo maana siku hizi nasoma zaidi kuliko nilivyokuwa nasoma, kwa kuwa maandishi yameongezeka na wa kuyajibia ni yule yule. Ukiieleza habari za ng'ombe itakunyooshea alama vizuri sana. Ila mtu wa kuyapanga matangazo mezani na kuona kwamba ghali zote zina ng'ombe, hapo bado tunamhitaji yule kijana wa mafunzo. Kesho sijui. Leo ndivyo.

Mnakaribia kuanza miradi yenu ya mwisho, kwa hiyo niwaombe kitu kinachofanyika. Mradi ukishakamilika, kabla ya kuupeleka kwa msimamizi ambaye ameufuatilia tangu mwanzo na anaujua kama wewe, mpe mwenzako wa idara nyingine kabisa. Wa kilimo, wa sheria, yeyote. Mpe kompyuta na maelezo uliyoyaandika, halafu wewe toka nje ya chumba. Toka kweli, usisimame dirishani. Tulijaribu hivi ofisini na mfumo wa maghala ambao tuliuona umekamilika; tulimpa dada wa mapokezi, na alikwama kwenye ukurasa wa kwanza kwa sababu fomu ilimtaka ajaze jina la ukoo naye anatumia majina matatu, hakujua lipi kati ya hayo ndilo tunalolitaka. Watumiaji wote wa mfumo ule walikuwa watu kama yeye.

Na kwa wale ambao bado hawana mada ya mradi, ninayo moja ya bure. Kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Ile hesabu ikihifadhiwa kwenye biti 32, kama ilivyofanywa kwa miaka mingi, mwisho wake ni sekunde 2,147,483,647, na sekunde hiyo kwa saa za hapa kwetu ni Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Inayofuata itasomeka kama Desemba 1901. Mifumo mikubwa mingi imeshahamia biti 64 na haina wasiwasi. Ninaoufikiria mimi ni ule ulioandikwa na mtu mmoja kwa ajili ya chama kimoja cha akiba na mikopo, ukafanya kazi vizuri, mwandishi akaondoka, na hakuna aliyeugusa tena. Huo hautangoja 2038. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 ukisainiwa leo, rejesho lake la mwisho liko ng'ambo ya tarehe hiyo, na mfumo unatakiwa kulipanga rejesho hilo leo hii. Nendeni kwenye vyama vya akiba na mikopo vya wilaya hii, kwa adabu na kwa barua ya chuo, muombe kujaribu: wekeni mkopo wa mfano wa miaka 15, mtazame ratiba ya marejesho inaishia mwaka gani. Mkikuta 1901, mmepata mradi, na huenda mmepata na mteja.

Nimeonyeshwa saa. Naona mkono umeshanyooka kule nyuma, dada wa kilemba cha njano, tuanze na wewe.